TONE LA DAMU NA KIFAFA

Ndugu zetu wa Singida wapatwao na kifafa hubeba mizigo miwili: maradhi yenyewe, na maneno ya watu. Husemwa kwamba wamerogwa. Mate yao huogopwa. Na wengine huanguka motoni pasipo mtu wa kuwashika. Hapana budi tuseme wazi: kifafa hakiambukizwi kwa mate, na sehemu yake huletwa na mdudu ajulikanaye.

Mdudu huyo ni tegu wa nguruwe. Alaye nyama ya nguruwe yenye vifuko vyake, isiyoiva vema, hupata tegu tumboni, na mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Mayai hayo yakimfikia mtu kinywani, kwa mikono, maji au mboga, wadudu wachanga husafiri katika damu hata ubongoni, wakafanya vifuko humo. Hivyo hata asiyeonja nguruwe maishani mwake aweza kupatwa.

Mwaka 2009 wataalamu walitangaza uchunguzi wa Haydom, wilayani Mbulu, hospitali ambayo wagonjwa wa Iramba na Mkalama huvuka mpaka kuifuata. Katika wagonjwa 212 wa kifafa waliopigwa picha za kichwa, 38 walikutwa na alama zielekeazo ugonjwa huo. Lakini mashine za picha hizo ni ghali nazo ni chache. Mwanakijiji atauza mbuzi wangapi ili aifikie?

Damu ingetoa jibu kwa bei nafuu, lakini vipimo vyake bado vina kasoro. Kipimo cha kingamwili kilichobuniwa Marekani mwaka 1989 ni hodari vifuko vikiwa vingi. Kikiwa kimoja, mara nyingi hakikioni. Tena kingamwili huweza kuonyesha tu kwamba mwili ulikutana na mdudu zamani. Vipimo vya namna ya pili hutafuta vitu avitoavyo mdudu aliye hai; lakini kifuko kilichokufa na kugeuka kama chokaa huvikwepa, nacho chaweza kuendelea kuleta kifafa.

Kuna na hatari nyingine. Dawa ya prazikwanteli, itumikayo kutibu kichocho na tegu, yaweza kumletea degedege mtu mwenye vifuko ubongoni. Dawa njema yamgeukia asiyepimwa.

Kwa hiyo twataka kipimo cha tone la damu ya kidole, kisichohitaji umeme wala jokofu, kisomwacho na muuguzi wa zahanati papo hapo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wana ujuzi wa mdudu huyu. Wapewe fedha, na vipimo vijaribiwe kwa damu ya wakulima wetu, si ya wageni tu.

Wapo watakaosema vyoo vyatosha. Vyoo ni lazima, na nguruwe wafungwe. Lakini choo kichimbwacho leo hakimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Wanachama na wafanyakazi, chimbeni vyoo, wapelekeni wagonjwa zahanati badala ya kuwaficha, na mdai kipimo hicho mikutanoni.