Sindano ya mzio: je, itamfaa mtoto wa Kiberege?

Mwanao anapiga chafya kila asubuhi, anajikuna macho, na usiku kifua kinalia kama filimbi. Unampeleka duka la dawa, unaambiwa: "Huyu ana aleji, achomwe sindano." Kesho yake ana nafuu. Baada ya siku chache hali inarudi palepale. Kisha unasikia kwamba nchi nyingine kuna sindano zinazotibu mzio wenyewe. Je, ni ileile?

Hapana. Ni sindano mbili tofauti, na kuzichanganya kunaweza kumgharimu mtoto.

Jina moja, kazi mbili

Sindano ambayo wengi wetu tunaijua ni ya kutuliza, kwa mfano haidrokotisoni, au klorofenamini tunayoizoea kwa jina la Piriton. Inapunguza dalili kwa muda mfupi, lakini chanzo kinabaki. Dawa za jamii ya haidrokotisoni zikirudiwa mara kwa mara zinaweza kupunguza kasi ya mtoto kukua na kudhoofisha kinga yake.

Sindano ya pili huuzoesha mwili. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon wa London alieleza jinsi alivyowachoma wagonjwa kiasi kidogo sana cha chavua ya nyasi iliyokuwa ikiwasumbua, akakiongeza polepole. Msingi wa tiba ni uleule hadi leo. Mtoto huchomwa chini ya ngozi, kwa kawaida kila wiki kwa miezi kadhaa, kisha kila mwezi, kwa miaka 3 hadi 5. Ikimkubali, faida yake inaweza kudumu hata sindano zikikoma. Wataalamu wengi husubiri mtoto afikishe miaka 5.

Kwa nini si rahisi kuipata

Kwanza, ni lazima ijulikane kitu hasa kinachomdhuru: utitiri wa vumbi la nyumbani, chavua au manyoya ya paka. Hilo linahitaji kipimo cha ngozi au damu, na mtaalamu wa kukisoma. Nchini Gabon, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa ngozi za watoto wenye kichocho ziliitikia utitiri kwa kiasi kidogo kuliko za wenzao. Kwa hiyo palipo na kichocho na minyoo, majibu ya kipimo yanahitaji uangalifu zaidi.

Pili, sindano yenyewe inaweza kuamsha mzio mkali wa ghafla. Mtoto hukaa kliniki dakika 30 baada ya kuchomwa, na adrenalini iwe tayari. Mwenye pumu isiyodhibitiwa haanzishiwi. Dawa nayo hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

Tatu, safari. Wiki 20 za mwanzo, kisha kila mwezi hadi itimie miaka 3: si chini ya safari 50. Hata kama huduma hiyo ingekuwa Ifakara tu, piga hesabu ya nauli na siku za shamba zitakazopotea.

Nne, sindano hii haitibu moshi. Moshi wa jiko la kuni, au wa miwa inapochomwa kabla ya kuvunwa, hukera mapafu bila kuwa mzio. Mtoto anayeteswa na moshi anahitaji kuepushwa nao.

Kilicho karibu zaidi

Kwa mtoto mwenye pumu, swali kubwa la leo liko kwenye dawa za kuvuta. Ile ya kufungua kifua na ile ya kuzuia pumu kila siku zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini utafiti katika nchi sita za Afrika, Uganda ikiwemo, ulikuta kwamba watoto wengi wenye dalili za pumu hawakuwahi kuambiwa kuwa wana pumu. Asiyetambuliwa hapewi dawa ya kuzuia; anaishia kwenye sindano za kutuliza.

Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo chake kwa mtoto wa bondeni kitakuwa hiki: je, dawa ya kuzuia inapatikana kituoni, mwezi hadi mwezi?

Ukifika kituo cha afya, uliza:

- Sindano hii inaitwaje, na inafanya kazi kwa muda gani?
- Je, mwanangu ana pumu? Minyoo imeangaliwa?
- Je, anahitaji dawa ya kuvuta ya kuzuia, si ya kutuliza tu?
- Nionyeshe namna ya kuivuta. Chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa vizuri inaweza kutumika kama chombo cha kuvutia.

Midomo ikibadilika rangi, mbavu zikibonyea anapopumua, au akishindwa kuongea au kunyonya, usisubiri wala usipitie duka la dawa. Mpeleke hospitali mara moja.