Uliza bei kabla ya sindano

Sokoni Keroka hununui mkungu wa ndizi bila kuuliza bei. Ukiona unapunjwa, unavuka upande wa Nyamira kumsikia muuzaji mwingine. Lakini ukiingia kliniki unanyamaza. Unaandikiwa vipimo vitano, unalipa, unarudi nyumbani hujui hata unaugua nini.

Kijana, kunyamaza huko si heshima. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji. Sheria ya Afya ya 2017 inataka uelezwe hali yako, njia za matibabu zilizopo, hatari zake na gharama, kwa lugha unayoelewa. Bila hayo, si wewe uliyechagua.

Ni kweli, afya si ndizi. Anayevuja damu hawezi kulinganisha bei, ndiyo maana Kifungu cha 43 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini kama si dharura, uliza kabla ya kulipa: Kipimo hiki ni cha nini? Kuna njia nyingine? SHA inalipa ngapi, nami ngapi?

Na nyanya akiugua, usimpandishe boda tu. Enda naye, umuulizie.