USIPOZIBA UFA: UTUMWA NA VITA VILIVYOIGAWA MAREKANI



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SW), na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, mwaka huu tulisikia neno lililotukera. Watoto wawili waligombea nafasi ya kukaa kwenye mkeka, mmoja akamwambia mwenzake: "Nyinyi babu zenu walikuwa watumwa wetu." Walimu tulimkanya, na darasa likaendelea. Lakini baadaye tulijiuliza: mtoto wa miaka 9 kalitoa wapi neno hilo? Katika masomo yetu halimo. Basi kalitoa nyumbani.

Ndiyo maana tumeamua kuandika juu ya utumwa na vita. Tumechagua kisa cha nchi ya mbali, Marekani, kwa sababu binadamu huliona kosa la jirani upesi kuliko lake. Mwisho tutarudi nyumbani, in shaa Allah.

Wamarekani walipojitangazia uhuru mwaka 1776, walisema binadamu wote wameumbwa sawa. Lakini wengi katika viongozi waliosema hayo walikuwa na watumwa majumbani na mashambani mwao. Mwaka 1787, walipokuwa wakitunga katiba, walibishana: katika kugawa viti vya bunge, mtumwa ahesabiwe au asihesabiwe? Wakaafikiana kwamba watumwa 5 wahesabiwe kama watu 3. Mtumwa mwenyewe hakupata kura wala haki. Aliyefaidika na hesabu hiyo ni bwana wake. Huo ndio uliokuwa ufa katika ukuta wa taifa lile, na kila kizazi kilichofuata kiliupaka chokaa badala ya kuuziba.

Majimbo ya kusini yalitegemea mashamba ya pamba. Mashine ya kuchambua pamba ilipobuniwa mwaka 1793, faida ikakua, na tamaa ya kuwa na watumwa ikakua pamoja nayo. Ilipofika mwaka 1860, katika nchi yenye watu wapatao milioni 31, karibu milioni 4 walikuwa watumwa. Mama aliuzwa huku na mtoto kule, na sheria ikaona sawa.

Tusidhani kwamba kaskazini walikuwa safi. Pamba ile ya watumwa ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na sehemu ya vitambaa hivyo ilipakiwa merikebuni katika mji wa Salem ikaletwa Unguja. Hiyo ndiyo "merikani" waliyoijua bibi zetu. Merikani ilikwenda bara na misafara ikitumika kama fedha. Ikanunua pembe za ndovu, na ikanunua watu. Zingatieni jambo hili, wanafunzi wetu: jasho la mtumwa wa kule lilitumika kumnunua mtumwa wa huku. Dhulma ina mkono mrefu.

Na miongoni mwa watumwa wa Marekani walikuwamo ndugu zetu Waislamu. Mmoja ni Omar ibn Said, aliyezaliwa Futa Toro, katika nchi inayoitwa leo Senegal, karibu mwaka 1770. Alikuwa mtu wa elimu, aliyesoma kwa masheikh kwa miaka mingi. Vita vilipofika kwao alitekwa, akavushwa bahari, akauzwa Charleston mwaka 1807. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, na akaanza kwa Suratul Mulk, sura inayokumbusha kwamba ufalme ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Hebu fikirini: mtu anayeitwa mali ya mtu mwingine anaanza maandishi yake kwa sura hiyo! Maandishi yake yapo hadi leo. Yeye mwenyewe alifariki vita vikiwa vinaendelea, na alifariki akiwa bado mtumwa.

Vita vyenyewe vilianza Aprili 1861. Abraham Lincoln, aliyepinga utumwa usienezwe katika ardhi mpya, alishinda uchaguzi mwaka 1860, na majimbo 11 ya kusini yakajitenga moja baada ya jingine. Wako wanaosema kwamba waligombania haki za majimbo tu. Lakini majimbo kama South Carolina na Mississippi yalipoeleza sababu za kujitenga, yenyewe yaliutaja utumwa waziwazi.

Hapo ndipo taifa lilipogawanyika hadi ndani ya nyumba. Katika jimbo la Kentucky alikuwako mzee mmoja, seneta John J. Crittenden. Mwishoni mwa 1860 alileta mapatano ya kuzuia vita: utumwa uwekewe ulinzi katika katiba, ili watu wa kusini watulie. Mapatano yake yalikataliwa. Vita vilipoanza, mwanawe George akawa jenerali wa kusini, na mwanawe Thomas akawa jenerali wa kaskazini. Baba mmoja, majeshi mawili! Mzee yule alitaka amani, hilo hatulikatai. Lakini alitaka kuinunua kwa shingo za watu ambao hakuwauliza. Suluhu inayomwacha aliyedhulumiwa chini ya mguu wa aliyemdhulumu huahirisha vita tu, haiviondoi.

Vijana wetu huona vita katika sinema wakavidhania mchezo. Wasome habari za Septemba 17, 1862, karibu na kijito cha Antietam katika jimbo la Maryland. Kwa siku moja tu watu wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Wasome habari za gereza la kijeshi la Andersonville, Georgia, ambako wafungwa karibu 13,000 walikufa kwa njaa, uchafu na maradhi. Kwa hesabu ya zamani vita vile vya miaka 4 viliua askari 620,000, na watafiti wa karibuni wanaona idadi ilizidi hapo. Walio wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya matumbo na maradhi mengine ya kambini. Huo ndio uso wa vita: kijana analilia maji, na mama yake yuko mbali, hajui hata amezikwa wapi.

Januari 1, 1863 Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Watu weusi wapatao 180,000, wengi wao waliotoka utumwani, waliingia katika jeshi la kaskazini na kuupigania uhuru wao. Vita vikaisha 1865, na Desemba mwaka huo katiba ikapiga marufuku utumwa nchi nzima. Lakini minyororo ilitoka miguuni ikabaki vichwani. Waliokombolewa hawakupewa ardhi, wakawekewa sheria za kuwatenga, na ilichukua karibu miaka 100, hadi sheria za 1964 na 1965, haki zao kulindwa sawasawa. Kidonda kile bado kinaiuma nchi ile hadi leo.

Sasa turudi nyumbani. Dini yetu iliukuta utumwa duniani ikafungua milango ya kuutoka. Kumwacha mtumwa huru ni kafara ya makosa kadhaa, na katika mafungu 8 ya zaka limo fungu la kukomboa watumwa. Bilal bin Rabah (RA), aliyeteswa juu ya mchanga wa moto wa Makka, ndiye aliyepewa heshima ya kuwa muadhini wa Mtume (SAW).

Hata hivyo tuseme kweli, ingawa ni chungu. Mafundisho hayo hayakuwazuia watu wa pwani yetu, wenye kuswali na kufunga, kununua na kuuza binadamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Sisi nasi tulipaka chokaa. Katika zama za siasa Unguja, kabla ya mapinduzi ya 1964, kumbukumbu za bwana na mtumwa zilichochewa majukwaani na magazetini, na damu iliyomwagika baadaye tunaijua.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, historia hii isomeshwe kwa ukweli, madrasa na nyumbani, bila kuficha ya kwetu na kutangaza ya wengine tu. Pili, wazazi waache maneno ya "wao walikuwa watumwa wa babu" mbele ya watoto. Mzazi hulitamka kwa kicheko, mtoto akalibeba kama jiwe. Tatu, anapokuja mposaji mwenye dini na tabia njema, asirudishwe kwa sababu ya kabila lake au ya babu yake aliyenunuliwa sokoni. Mwenye aibu katika biashara ile ni aliyeuza na aliyenunua, siyo aliyeuzwa.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wamarekani waliujenga ukuta wao upya kwa mamia ya maelfu ya maiti. Ufa wetu sisi bado unazibika, na pa kuanzia ni pale mkekani, mtoto yule amwombe mwenzake radhi na wakae bega kwa bega.

Tunamuomba Allah atujaalie nyoyo zilizoungana na atuepushe na dhulma, tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin.

Wabillahi tawfiq.