MJI NI WA WAENDAO KWA MIGUU PIA

Kila askari hufundishwa mapema kwamba ardhi humwamuru mtu kabla kamanda hajafungua kinywa: mlima humpunguza mwendo, kinamasi humgeuza njia. Mji nao huamuru vivyo hivyo, ila mji umejengwa na binadamu. Barabara isiyo na njia ya miguu imekwisha kumwamuru mama mwenye mzigo kichwani apite mferejini, na mtoto wa shule avuke mbio.

Lakini amri hiyo yaweza kutenguliwa. Jirani zetu wa Kigali waliifunga kwa magari sehemu ya barabara katikati ya mji mwaka 2015. Wenye maduka walilalamika kupoteza wateja, na walikuwa na haki: kufunga barabara pasipo kuweka viti na vivuli ni kuifanya kazi nusu. Mwaka 2022 sehemu hiyo ilifunguliwa upya kwa jina la Imbuga City Walk, ikiwa na bustani na mahali pa kupumzikia. Wananchi ni wale wale. Mji ndio uliobadilishwa, na mwenendo ukafuata.

Kwa hiyo twawaomba wahandisi na halmashauri zetu: kabla ya kutia sahihi ramani ya barabara yoyote, itembeeni kwanza njia hiyo kwa miguu, saa saba za mchana, mkiwa mmemshika mtoto mkono. Njia isiyotembeleka kwao isipitishwe kwa wananchi.