Miwani Haimzuii Mtu Kuwa Rubani

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha pili alinifuata baada ya kipindi. Miwani yake ni mizito kuliko yangu. "Mwalimu, eti mimi naweza kuwa rubani?" Nikamjibu palepale nikifuta ubao: urubani unataka macho mazima, tafuta kitu kingine. Akasema sawa mwalimu, akaondoka.

Nilijibu hivyo kwa sababu nami niliambiwa hivyo shuleni. Sikuwahi kuhakikisha. Nimekuja kusoma muhula huu na kumbe, jamani, nilimdanganya mtoto wa watu.

Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinamtaka rubani wa ndege za abiria apate angalau 6/9 kwa kila jicho, na 6/6 akitumia macho yote mawili. 6/9 maana yake unasoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linakisoma kwa mita 9. Na hapa ndipo wengi tunapokosea: kipimo hicho unaruhusiwa kukifikia ukiwa umevaa miwani. Utakachotakiwa ni kuivaa kazini na kuwa na nyingine ya akiba karibu.

Kinachokwamisha zaidi ni rangi. Bawa la kushoto la ndege lina taa nyekundu, la kulia kijani. Kando ya njia ya kutua kuna taa nyeupe na nyekundu. Rubani akiziona zote nyekundu, yuko chini mno. Asiyetofautisha rangi hizo ana kesi ngumu, na miwani ya kawaida haimsaidii. Tatizo hili huwapata zaidi wanaume, na mtu anaweza kufika chuo kikuu bila kujua kwamba analo. Kipimo chake cha mwanzo ni kitabu cha vitone vya rangi vyenye namba ndani, dakika chache tu. Ukiwa na ndoto hiyo, pimwa kabla mzazi hajauza shamba kulipia mafunzo.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuandaa somo wiki nzima, halafu swali la maisha ya mtoto tunalijibu tukifuta ubao. Hilo linaniuma.

Nimempigia mwalimu wake wa darasa. Ameahidi kumfikishia ujumbe. Ila aliniambia kwamba binti sasa yuko kidato cha tatu, na fizikia alishaiacha.