Ulinzi wa Mtoto Uanzie Nyumbani

Si haki kuilaumu shule kwa maadili ya watoto ilhali simu ya nyumbani haina mlinzi. Google huwawekea wenye akaunti walio chini ya miaka 18 uchujaji kamili wa mambo machafu. Lakini mtoto akitumia simu ya babaye, mashine humhesabu mtu mzima: tangu 2023 kawaida yake ni kuzitia ukungu picha tu, maandishi yakabaki. Basi ni wajibu wa kila mzazi kufungua mipangilio ya SafeSearch na kuchagua uchujaji kamili. Watumishi na walimu wawe mfano. Hata hivyo, kichujio hicho hakimzuii anayeijua anwani ya tovuti kwenda huko moja kwa moja. Ngao ya kwanza ni malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.