Kreti Mbili za Soda na Cheti

Najua nimeadimika. Majaribio yalitubana wiki mbili mfululizo, na umeme nao ukawa wa kubahatisha. Ila leo sijaja kuwasimulia foleni ya maji bwenini wala ugali wa kantini. Leo nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe, maana jambo ninalolilalamikia nami nililitia saini.

Mliokuwepo kwenye siku yetu ya utamaduni mnakumbuka ilivyokuwa. Saa tisa alasiri uwanja ulikuwa mtupu, watu wamelala au wako mjini. Mara ikasikika ngoma, halafu njuga, halafu sauti ya yule mzee. Ndani ya robo saa hapakuwa na pa kuweka mguu. Hata wale wa mwaka wa tatu wanaojifanya wamechoka na dunia walipanda juu ya viti. Chatu alipotolewa sandukuni mkapiga kelele mpaka walinzi wakaja mbio. Simu zote juu. Usiku ule nusu ya chuo iliweka video ya mzee yule kwenye ukurasa wake, na hakuna hata mmoja aliyetaja jina lake wala la kikundi chake.

Sasa niwaambie msichokijua. Mimi nilikuwa kwenye kamati, upande wa fedha. DJ aliyekuja na spika zake tulimlipa laki moja na nusu, tena nusu alitaka mkononi kabla hajafunga waya hata mmoja, na tukampa. Kikundi cha mzee, watu kumi na mmoja kutoka upande wa Sikonge, tulikipa kreti mbili za soda, elfu ishirini ya nauli, na cheti cha shukrani chenye muhuri. Kwenye bajeti niliandika kwa mkono wangu: "Burudani ya asili, vinywaji."

Nilipomkabidhi mzee cheti alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakitazama nyuma. Akaniuliza taratibu, bila ugomvi: "Mjukuu wangu, hiki kinauzwa wapi?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Nimekuja kulielewa swali lile nikiwa kitandani, na tangu hapo sijalala vizuri.

Jamani, tuanze na jambo moja: ile ni kazi. Manju si mtu aliyeamka asubuhi akajisikia kucheza. Manju anatunga, anaongoza waimbaji, anafundisha vijana, anajua wimbo upi ni wa kulima na upi ni wa mavuno. Mvua zikinyesha kuna ngoma za jembe, kama bugobogobo ya jirani zetu Wasukuma, ambapo ngoma inapigwa na majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja mpaka shamba linakwisha bila watu kujua wamelimaje. Mavuno yakiingia ndipo mashindano yanapoanza. Usukumani kuna pande mbili mashuhuri, Bagalu na Bagika, zinazojihesabu kuanzia kwa mafundi wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika, waliokuwa wachezaji na waganga kwa wakati mmoja. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji wakikukimbia, umeshindwa mchana kweupe. Wanaokwenda Bujora, pale Kisesa mkoani Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni, wanayaona haya mpaka leo.

Ndiyo maana manju hutafuta dawa, samba wanaiita, ya kuvuta watu. Hapo ndipo wenzangu wengi mnapokunja uso. Mimi pia nilimuuliza mzee kama dawa yake inafanya kazi. Akanitazama akasema: "Wewe ukiingia chumba cha mtihani husali?" Nikasema nasali. "Na kusoma husomi?" Nikasema nasoma. "Basi, na mimi nafanya mazoezi."

Halafu kuna kazi ya nyoka. Wayeye, wale mafundi wa nyoka wa Unyamwezi na Usukuma, wana chama chao chenye viapo, ngazi na miaka ya kujifunza. Mwanafunzi anafundishwa tabia za nyoka, jinsi ya kumshika, na mitishamba ya kutibu aliyeumwa. Ninyi mlimpigia kelele chatu, ambaye hana sumu kabisa. Sanduku la hatari lilikuwa lile dogo lililofunikwa kitenge, lenye kifutu, na mzee hakulifungua kwa sababu tulisogea karibu mno. Huo ni weledi, wadau. DJ wetu hakuhatarisha kitu zaidi ya fyuzi.

Mtu ataniambia: "Lakini ule si uongo tu? Kiini macho!" Haya, turudi shule ya msingi. Nani hapa hakuwahi kutoa mia kumtazama mtu wa mazingaombwe darasani? Anageuza karatasi kuwa noti, anatoa utepe mdomoni usioisha, na mwalimu wa zamu kasimama mlangoni anakusanya hela. Na kila darasa lilikuwa na mjanja mmoja wa kuuliza: kama anaweza kutengeneza noti, mbona anatuchaji mia? Tulimwona mjanja yule ana akili kuliko sisi sote. Leo namjibu: anakuchaji mia kwa sababu hauzi noti. Anauza mshangao wako. Vidole vile vimefanya mazoezi miaka mingi ili wewe ukae dakika arobaini ukiwa umesahau njaa. Mwigizaji wa filamu akifa kwenye skrini na kesho ukamwona sokoni, hudai hela yako.

Tatizo letu limeingia mpaka kwenye lugha. Sisi tunaosoma Kiswahili tulitazame neno "msanii". Mtaani ukisema fulani ni msanii, maana yake ni tapeli. "Asilete usanii hapa." Tumechukua jina la fundi tukalifanya tusi, kisha tunashangaa fundi halipwi.

Na haya yanatokea Tabora, si mahali pengine! Mji huu umejengwa na miguu ya watu waliotembea wakiimba. Njia ya kati kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na hapa Unyanyembe ndipo zilipokutana barabara za magharibi, kaskazini na pwani. Burton alipoingia Kazeh mwaka 1857 alikuta mji unaojua biashara. Nani walibeba pembe zile za ndovu? Wengi walikuwa babu zetu Wanyamwezi, wapagazi wa kulipwa, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini au zaidi. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi na vazi lake la manyoya, ngoma ikilia, wimbo ukianzishwa huku na kuitikiwa kule nyuma. Na msafara ulikuwa na mganga wake wa kuagua njia. Mwanamuziki na mganga walikuwa sehemu ya kazi kama walivyokuwa wabeba mzigo. Njia ile ile ilipitisha pia watumwa na machozi mengi, hilo siwezi kulificha kwa sababu ya sifa. Lakini mpagazi huru alijua ujira wake, akipunjwa alitua mzigo na kuondoka. Sisi wajukuu wake, wenye vitabu, tumempunja manju na yeye akatuaga kwa heshima.

Kwenye maktaba nimekuta jambo jingine la kuumiza. Mmarekani mmoja, Carnochan, alikuja Tanganyika mwaka 1926 na msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya bustani ya Washington. Baadaye, mwaka 1935, akatoa kitabu na mwenzake Adamson kuhusu chama cha mafundi wa nyoka wa Unyamwezi. Mwaka 1946 Hans Cory, aliyekuwa akiwatafiti wenyeji kwa serikali ya kikoloni, akachapisha makala ya kitaalamu kuhusu Buyeye wa Usukuma. Yaani wageni waliona hapa kuna elimu ya kuandikwa. Sisi tunaona burudani ya kungojea DJ afunge waya.

Sasa nijibu hoja nzito, maana najua kuna wenzangu watanishukia. Watasema: uganga huu huu ndio umeua watu. Ni kweli, na si jambo la mzaha. Mkoa huu na mikoa ya Kanda ya Ziwa imeona wenzetu wenye ualbino wakikatwa viungo, na vikongwe wakiuawa kwa kuwa macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Wapiga ramli wamehusika, na Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku. Anayetaja jina la jirani yako kuwa ni mchawi ni mshiriki wa mauaji, na sina neno la kumtetea. Lakini hebu tuwe watu wa kupambanua, si ndicho tulichofuata chuoni? Anayecheza na nyoka mbele ya watu mia tano mchana kweupe hamnong'onezi mtu jina la mchawi usiku. Ukiwatia kapu moja unamchafua fundi na unampa mwuaji kichaka cha kujifichia.

Wala sisemi aliyeumwa na nyoka aache hospitali. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Ukiumwa, kimbia hospitali. Mzee mwenyewe aliniambia hivyo. Lakini nani atawafundisha watoto wa kijijini kumtambua kifutu kwenye majani makavu kabla hajawauma? Mimi na digrii yangu ya ualimu sijawahi kumwona hata mmoja akiwa hai.

Hoja ya mwisho ndiyo inayonikera kuliko zote: "Utamaduni hauuzwi, wale wazee wanajitolea." Nani aliwauliza? Ngozi ya ngoma inapasuka, ni hela. Chatu anakula kuku, ni hela. Kumfuga kunataka kibali chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Akitibu kwa mitishamba anatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya tiba asili ya 2002. Usanii nao una BASATA, tangu 1984. Serikali inamtambua mzee huyu mara tatu anapotakiwa kufuata taratibu, sisi hatumtambui hata mara moja wakati wa malipo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi za msanii, lakini video zenu za simu zinazunguka nchi nzima na mirabaha yake ni sifuri.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa hapa Tabora na kufundisha hapa, alianzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962 akisema utamaduni ndiyo roho ya taifa. Mwisho ule mwingine wa njia ya misafara, Bagamoyo, kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho sasa ni TaSUBa. Mhitimu wake akija kutufundisha kucheza ngoma, tunamlipa posho. Fundi aliyezaliwa ndani ya ngoma hiyo tunampa soda. Tofauti yao ni karatasi tu. Na karatasi tuliyompa mzee haiuziki popote.

Wadau, sisi ni walimu watarajiwa. Miaka miwili ijayo mtakuwa na madarasa yenu, na mtawaalika wazee hawa siku ya mahafali. Naomba tukubaliane mambo matatu. Kwanza, bei ijadiliwe kabla, kama kwa DJ, na hela itoke mfuko ule ule. Pili, ukiweka video, andika jina la manju, kikundi na kijiji, na umwombe ruhusa kwanza. Tatu, mwanafunzi wako akimwita mchawi, umsahihishe hapo hapo.

Na kwa upande wangu: nimepiga hesabu. Kama DJ alistahili laki na nusu, kikundi tunakidai kisipungue hapo. Elfu ishirini walishapata, na soda sizihesabu, tulizinywa pamoja. Nimebakiza laki moja na thelathini. Bumu limetoka juzi, nimeshatenga elfu thelathini yangu na wenzangu wawili wa kamati wameweka kumi kumi. Pungufu ni elfu themanini. Jumamosi asubuhi napanda gari la Sikonge. Nitapiga magoti, nitasema mwangaluka kama nilivyofunzwa na bibi, na nitaomba radhi kwa niaba ya sisi sote tuliopiga kelele.

Wale mlioweka video na kupata sifa, nipo chumbani kila jioni baada ya saa moja. Hata mia tano napokea. Nawasilisha.